Satini Haisahau Sindano

Nikianza tu kusema, watu wa mtaa wetu wa Lindi wananiambia, "Mama Billy, polepole, moyo wako!" Moyo wangu ndio umenifundisha kusema. Leo nitasema yote, na nikichoka nitapumzika halafu niendelee, kwa sababu nimesikia Jentrix anazunguka huko mtaa wa Kongo, Kawangware, akiambia watu eti nilimfukuza kwa vidonge vichache. Vidonge! Kama ingekuwa ni vidonge tu, angekuwa bado ameketi kwa cherehani yangu anakunywa chai yangu.

Jina langu ni Seline. Nimeshona nguo hapa Lindi miaka ishirini: yunifomu za shule, gauni za harusi, hata joho za kwaya. Bwanangu alishaenda mbele za haki, na Billy, mtoto wangu wa pekee, anafanya kazi Eldoret. Basi mwaka wa tisini na tisa, mwezi wa tatu, nikaanza kukosa pumzi. Nikitoka mtoni kupanda kale kamlima, nasimama mara tatu kama mtu anayesoma mabango. Nikilala chali, naamka nimezibwa. Nikawa nalala nimeegemea mito, na nikiinama kufunga viatu naona giza.

Nikaenda kliniki ya moyo. Daktari Githinji, kijana mwembamba asiyejua kucheka, akanionyesha picha ya kifua.

"Mama, moyo wako umepanuka. Ni mkubwa, lakini hauna nguvu ya kusukuma damu."

"Huo ukubwa umetoa wapi, na mimi nashinda na chai ya rangi?"

Hakucheka. Akanipa dawa ya kukojoa ya kutoa maji mwilini, na nyingine aliyoita beta bloka. Hiyo ya pili akaieleza kama anayenikabidhi mtoto mchanga. "Zamani tulikatazwa kabisa kumpa mgonjwa kama wewe dawa hii. Siku hizi tumejua inasaidia, lakini lazima iingie kwa adabu. Utaanza na robo kidonge asubuhi, robo jioni. Ikikukubali, tutapanda polepole hadi nusu. Mwanzoni utachoka kuliko sasa, usikate tamaa. Ukiinuka, inuka polepole usije ukaanguka kwa kizunguzungu. Na usiiache ghafla, hata siku moja. Ukiiacha ghafla, moyo utakimbia kama ng'ombe aliyekata kamba."

"Nimesikia."

"Na usimpe mtu mwingine. Mtu wa pumu akiimeza inaweza kumfunga kifua."

"Daktari, mimi dawa yangu nitampa nani?"

Akaniambia nijipime uzito kila asubuhi, kwa sababu uzito ukipanda haraka ni maji yamerudi. Nikamwambia mizani ninayoijua Lindi ni ya mtu wa nyama, na yeye hapimi walio hai. Akafikiri, akaangalia tepu iliyokuwa shingoni mwangu, maana mimi hutembea nayo kama wengine wanavyotembea na rozari. "Basi pima kwa tepu," akasema. "Kifundo cha mguu na kiuno, kila asubuhi kabla ya chai. Andika. Ukiona inazidi, usingoje siku ya kliniki, kuja mbio."

Sasa mniskize vizuri hapo, kwa sababu hapo ndipo niliingia kwa mtego na miguu yangu mwenyewe. Mguu wangu singeweza kuupima, nikiinama pumzi inakata. Kiuno ningeweza, lakini fundi hajipimi, kama vile mganga hajigangi. Kukata kidonge robo robo kwa macho yangu haya yaliyozeeka, yasiyoona karibu, pia ni shida. Kwa hivyo nilimpa Jentrix yote: tepu, daftari, wembe na mkebe wa dawa.

Jentrix nilimtoa mbali. Alikuja kwangu kutoka Butere akiwa hajui hata kushika makasi, akikaa na dadake pale Kongo. Miaka saba alitembea kutoka Kawangware kila asubuhi kwa miguu, anafika kabla sijafungua mlango. Nilimlisha, nilimfundisha, nilimzika mamake, naam, sanda niliishona mimi na sikuomba shukrani. Na mkono alikuwa nao! Matundu yake ya vifungo yalikuwa kama yamechorwa. Lakini mweke mbele ya mtu mwenye tai na kalamu, mikono inamtetemeka kama ya mlevi wa asubuhi. Trade test, ule mtihani wa ufundi wa serikali, ilimshinda mara mbili. Mara ya pili alijidunga kidole, damu ikaingia kwa kola nyeupe, examiner akamwambia aende nyumbani akanawe. Alilia kwa bega langu hadi blauzi ikalowa.

Shule iliyokuwa inataka kutupa kazi ya yunifomu ilisema inataka fundi mwenye cheti. Mimi cheti changu kilichukuliwa na moto wa mwaka wa themanini na tisa, na kwa hali yangu singeweza kurudia mtihani. Kwa hivyo ilikuwa ni Jentrix. Yeye pamoja na wasichana wengine sita kutoka Kawangware, ambao nilikuwa nawafundisha Jumamosi, wote walikuwa wafanye mwezi wa nane.

Dawa ilinikubali. Wiki za kwanza nilichoka kama gunia lililotolewa mahindi, lakini sikuiacha, na kufika mwezi wa sita nilikuwa napanda kamlima na kusimama mara moja tu. Siku moja askari wa kanjo, wale wa baraza la jiji, wakaja na virungu, eti kibanda kimeingia barabarani. Siku zote nikiona hao watu midomo inanitetemeka. Siku hiyo nilishika kikombe cha chai mbele yao, na chai haikutikisika. Walipoenda nikawaambia wasichana, "Hii dawa ya Githinji inaua woga! Hata Jentrix akimeza moja, atamwona examiner kama kuku tu!"

Tulicheka. Jentrix alicheka hadi akashika ukuta. Mdomo huponza kichwa, na mdomo wangu haujawahi kuniogopa.

Kuanzia katikati ya mwezi wa saba mambo yakageuka. Vidonge vikawa vichungu kuliko kawaida. Wakati huo nilikuwa nimepandishwa hadi nusu, nikasema basi ndiyo dozi imepanda, si hata pombe kali huwa chungu? Mito ikarudi kitandani. Kifua kikawa kinapiga kama cherehani iliyoachiwa na mtoto. Viatu vikanibana, nikamwambia Jentrix, "Hebu pima vizuri."

Alipiga magoti mbele yangu kila asubuhi, akazungusha tepu. "Kifundo inchi tisa, Mama. Kiuno thelathini na sita. Kama jana. Ni joto tu, na umri."

"Na viatu?"

"Viatu vimelowa mvua vikakauka vibaya. Mama, si ni wewe ulinifundisha tepu haidanganyi?"

Kweli, ni mimi nilimfundisha. Nikasukuma miguu ndani ya viatu hivyo hivyo.

Siku ya kliniki alinisindikiza. Daktari Githinji akashika mkono wangu, akaangalia saa, akakunja uso. "Mapigo ya moyo yalikuwa sabini. Leo ni mia na kumi. Mama, unameza dawa?"

Mimi niulizwe hivyo kama mtoto anayetupa uji! Nikawaka. Jentrix akaingilia kwa sauti ya kanisani, "Anameza, daktari. Mimi ndiye humpa kwa mkono wangu."

Daktari akabonyeza mguu, akasema anaona maji kidogo. Akafungua daftari la vipimo, akalisoma mara mbili. "Lakini hapa hujaongezeka hata inchi," akasema, kama anayejiuliza mwenyewe. Akaniongezea dawa ya kukojoa na kuniambia nirudi baada ya wiki mbili na mkebe wenyewe, avione vidonge kwa macho yake, kwani mjini kumejaa dawa bandia. Njiani nilimtukana daktari hadi tukafika Lindi. Nikamwambia Jentrix, "Kijana ananiita mwongo, na wewe shahidi uko hapo!" Jentrix akanishika mkono tukivuka mtaro, akasema nisijichoshe. Mungu wangu, nilimwamini huyo msichana kuliko mtu pekee aliyekuwa anataka niishi.

Mtihani ukafika kabla ya hizo wiki mbili kuisha. Kwenye trade test yao walikuwa wanashona nguo moja mbele ya examiner, na nyingine wanaileta ikiwa tayari, imeshonwa kwa vipimo vya mtu halisi, na huyo mtu anaweza kuitwa aivae aonekane. Jentrix alinichagua mimi. Akanunua satini ya bluu iliyokolea, akaishonea kwao Kongo, hakutaka niione. "Utaiona nikifaulu," akasema. Niliona fahari, kwa nini nidanganye?

Walifaulu sita kati ya saba. Jumamosi wakaja kwangu wote sita na kuku wa kuchemsha na nyimbo, kibanda kikajaa. Mimi nilikuwa nimeketi kwa kiti, miguu juu ya stuli, nahema kama mbwa wa mchana. Jentrix akafungua karatasi akatoa gauni. Wallahi, lilikuwa gauni! Mishono imenyooka, pindo halionekani, matundu ya vifungo yamekaa kama askari kwenye gwaride. Wasichana wakanivalisha. Zipu ikapanda hadi juu bila kukwama, gauni likanikaa sawasawa, na wakapiga vigelegele. Nikalia. Nikamwambia Jentrix, "Sasa hata nikifa, kuna fundi Lindi."

Jentrix akatoka kwenda kuleta kreti ya soda. Mitchelle, mdogo wao wote, mwenye mdomo usio na breki, akaja akachuchumaa kando yangu.

"Mathe, asante sana. Ile dawa yako ilikuwa fiti! Mikono yangu ilitulia, hata sikuona examiner."

"Dawa gani?"

"Si ile uliyomtuma Jentrix atupatie. Ya kuondoa woga. Alisema umetubariki nayo." Kisha akainamisha kichwa. "Ni Nduta tu kati yetu haikumkubali. Kifua kilimfunga katikati ya mtihani, akabebwa nje. Lakini alipewa pampu yake ya pumu, sasa yuko sawa. Jentrix alikuambia?"

Sikuambiwa. Kila mtu alikuwa anaimba, na mimi nilisikia tu moyo wangu masikioni. Nikamwambia Mitchelle aniletee mkebe na miwani. Nikamwaga vidonge juu ya meza ya kukatia. Vingine vilikuwa nusu za duara dogo, laini. Vingine, vingi, vilikuwa vipande vya kidonge kikubwa kilichokatwa kwa wembe, vina kona kona na unga. Nikaonja kimoja kwa ncha ya ulimi. Kilikuwa chungu. Ilikuwa ni dawa ya kichwa, ile inayouzwa kila duka.

Jentrix akaingia na soda. Akaona meza, akasimama.

"Tangu lini?" nikamuuliza.

"Mama..."

"Tangu lini, Jentrix!"

Kreti ikamponyoka. Hilo ndilo jambo la mwisho nililosikia, chupa zikivunjika, kisha sakafu ikaja juu.

Walinibeba na kiti hadi barabarani, pikapu ya muuza makaa ikanipeleka hospitali. Nililala siku tisa. Walitoa maji mwilini hadi nikaona mifupa ya miguu yangu tena kama jamaa waliokuwa safarini. Daktari Githinji alivitazama vile vipande vya mkebeni, akavigeuza kimoja kimoja. Mimi ndiye niliyesema, "Nilikutukana."

"Nilisikia hadi hapa," akasema. Nadhani hapo alitaka kucheka. Akanirudisha mwanzo kabisa, robo asubuhi na robo jioni. Ile miezi yote niliyopanda ngazi ilikuwa imepotea bure.

Nilirudi Lindi. Nduta alikuja kunisalimia, nikamwomba msamaha kwa jina langu lililotumika, na yeye akaniambia hana kinyongo na mimi. Jentrix alikuja siku ya tatu. Alisimama mlangoni amevaa tepu shingoni, macho yamevimba, na mimi nikamwacha asimame. Akaongea akilia. Alisema alijaribu kimoja tu, aone kama kitamsaidia kufanya mazoezi. Mikono ikatulia. Siku ya pili akachukua kingine. Wenzake wakauliza mbona hatetemeki tena, akawaambia, wakaomba. Kufika hapo vidonge vilikuwa vinaisha mkebeni, akajaza dawa ya kichwa nisigundue.

"Nilidhani ni ya woga tu, Mama. Sikujua inashikilia moyo. Na ulikuwa unaonekana sawa! Kama ningeona umevimba hata kidogo, naapa, ningeacha. Lakini tepu ilikuwa inasema uko vile vile."

Nikamtazama. Miaka saba si mchezo. Moyo huu mbovu ukaanza kulegea, na nitakuambia ukweli, nilikuwa na sufuria ya chai jikoni na nilishafikiria kumwambia aingie amimine. Nilijiambia ni mtoto, ni ujinga, nani hajawahi kuogopa mtihani? Yeye ndiye angenibebea maji, yeye ndiye angepeleka yunifomu shuleni. Nikasema, "Ngoja kwanza." Nilihitaji kitu cha kushika mikononi, mimi sijui kufikiri mikono ikiwa mitupu. Nikachukua lile gauni la bluu msumarini.

Nilitaka tu kulipunguza, kwa sababu asubuhi hiyo nililijaribu likanining'inia kama hema. Kiuno changu kilikuwa kimerudi thelathini na sita. Nikaligeuza ndani nje, nikavaa miwani nione mshono wa ubavuni una akiba ya kitambaa kiasi gani.

Satini ni kitambaa chenye roho mbaya. Pamba ukiifumua, unaifua, tundu zinajifunga. Satini haisahau sindano. Ukishaitoboa, imetoboka. Kandokando ya mshono, upande wa ndani, kulikuwa na mstari wa tundu ndogo ndogo uliofumuliwa. Huo ulikuwa mshono wa kwanza, wa inchi thelathini na sita. Nje yake kidogo, mstari mwingine uliofumuliwa. Nje ya huo, mwingine tena. Ndipo ukafika mshono wenyewe uliobaki. Nikapima kwa kucha, halafu kwa rula. Thelathini na sita. Thelathini na saba na nusu. Thelathini na nane na nusu. Arobaini.

Alikuwa amelipanua mara tatu.

Wazee husema kikulacho ki nguoni mwako. Mimi fundi nimeisikia maisha yangu yote na sikuwahi kuangalia ndani ya nguo. Kila asubuhi alipiga magoti mbele yangu, akazungusha tepu, akaona nazidi, akaandika thelathini na sita, akanipa dawa ya kichwa na maji ya kumezea. Jioni akaenda kwao Kongo akafumua mshono na kuuachia, ili examiner akiniita, gauni linitoshe.

"Jentrix," nikasema, "lete daftari."

Akalileta.

"Nisomee kiuno, wiki ya mwisho kabla ya mtihani."

"Thelathini na sita. Thelathini na sita. Thelathini na..." Akainua macho akaona gauni lilivyogeuzwa, na kidole changu mahali kilipokuwa. Yeye pia ni fundi. Hakuhitaji kuelezwa. Daftari likaanza kutikisika mikononi mwake, kurasa zikipigana.

"Ulijua," nikamwambia.

Angesema hata uongo mwingine mdogo, labda ningeushika. Alisimama tu, kama siku ile ya damu kwa kitambaa cheupe.

Nikainuka polepole, vile daktari alivyonifundisha. Nikatembea hadi mlangoni, nikanyoosha mkono, nikatoa tepu yangu shingoni mwake. Mkono wangu ulikuwa umetulia kabisa.